Abu Muhannad, Hakimu wa Vitabu

Katika mkahawa wa Hajj Lafta, nyuma ya mtaa wetu wa vitabu hapa Baghdad, hakuna aliyethubutu kukisifu kitabu siku ya Ijumaa kabla Abu Muhannad hajafika. Ungeweza kukisifu, lakini ungejuta. Angeingia na mfuko wake wa nailoni, aketi chini ya feni, avitoe vitabu alivyosoma wiki ile kimoja kimoja, na kila kimoja akigonge kwa vidole viwili kabla ya kukihukumu. Hukumu zake zilikuwa mbili tu: mkweli, au mwongo. Hakujali kama ni riwaya, historia au mapishi.

Mimi muuza vitabu, na sijapata mteja aliyenitia hasara kama yeye. Kitabu akikiita mwongo, kinanidodea. Tena hakuwa msomi wa kutisha. Alikuwa msoma mita wa idara ya maji, mtu wa kuinama kwenye mashimo ya watu na kukimbizwa na mbwa wao, mpaka alipostaafu. Alisema kazi ile ilimfunza jambo moja: mwenye nyumba akikukaribisha chai kabla hujaifikia mita, ujue mita ameichezea. Na waandishi wengi, kwa maoni yake, walikuwa watu wa kukukaribisha chai.

Kitabu kinene cha jenerali mmoja mstaafu alikihukumu hata hajakaa. "Mwongo. Kila ukurasa anashinda. Sasa sisi tulioshindwa tulikuwa tunapigana vita gani?"

Riwaya ya mapenzi iliyowaliza watu mjini kote aliishika kwa ncha za vidole. "Ninyi mliolia, hebu niambieni. Watu wamependana kitabu kizima, hakuna aliyesikia njaa? Hakuna aliyekwenda chooni?"

"Wewe mzee hujawahi kupenda," Hajj Lafta alimtupia kutoka kwenye mabirika yake.

"Nilipenda, na nikaoa, Hajj. Ndiyo maana najua."

Kitabu cha mapishi alisema kimeandikwa na mtu asiyemenya kitunguu tangu azaliwe, maana vitunguu vimejaa kila ukurasa na hakuna aliyetokwa machozi. Cha msafiri mmoja aliyedai kwamba harufu ya karafuu za Zanzibar iliwalevya punda mpaka wakaanguka bandarini, alikicheka hadi akapaliwa. "Huyu hajafika hata Basra!" Lakini kulikuwa na kijitabu cha mashairi ya binti mmoja wa Hilla, kimechapwa kwenye karatasi mbovu, nami nilikuwa nimekitumia kuegemezea meza. Hicho akatuambia amekisoma kwa sauti jikoni, na mkewe akazima jiko ili asikie vizuri. "Mkweli," alisema, macho yamemlowa. Nakala zote ziliondoka siku ileile, na mimi nikabaki na meza inayoyumba.

Kitu kimoja hakukisoma kamwe: kumbukumbu za watu waliofungwa. Vibanda vyetu vilijaa vitabu hivyo, kila mtu ana jela yake ya kusimulia, na yeye alivipita kana kwamba havipo. Sote tulijua sababu na hakuna aliyemtania.

Muhannad, mtoto wao wa pekee, alichukuliwa njiani akitoka chuoni, mwaka ule majirani walipokuwa wakiuana. Watu wenye bunduki walisimamisha basi, wakakagua vitambulisho, maana kwetu jina hutaja madhehebu ya mtu, wakamshusha. Wazazi walizunguka hospitali, vyumba vya maiti na kila ofisi yenye mlango, wasipate lolote. Miaka ikapita. Ndugu zake Abu Muhannad walipokuja kushauri iwekwe fatiha, yale matanga yetu ya siku tatu, mkewe, Um Muhannad, aliwatoa nje na viatu vyao mkononi.

"Mnanizikia mtoto aliye hai? Maiti iko wapi? Nionyesheni maiti! Tokeni kwangu!"

Na kwetu mtu asiyewekewa fatiha hajafa. Mama yake havai nyeusi. Jina lake halitanguliziwi "marehemu". Baba yake anaitwa Abu Muhannad, baba wa Muhannad, sokoni kutwa nzima, na kila anayemwita ni kama amemwambia kijana yuko njiani anakuja. Nilikuwa namwita hivyo mwenyewe, na wakati mwingine ulimi uliniwia mzito.

Basi Ijumaa moja akaingia mkahawani kijana mwembamba anayechechemea, jina lake Yarub. Alikuwa amechapisha kitabu kwa fedha yake na amekuja nacho kimefungwa kwenye gazeti. Alinyoosha moja kwa moja hadi chini ya feni, akakifungua.

"Ami, wanasema wewe humwonei mtu haya. Nisomee, tafadhali. Nakutegemea."

Abu Muhannad alitazama jalada, akaona mlango wa chuma wa jela uliochorwa pale, akaurudisha mkono. Nilitaka kuingilia kati, nimwambie kijana akilete kibandani kwangu. Lakini kitabu alichopewa mtu na mwandishi wake mbele ya watu hakirudishwi, ni sawa na kumtemea mate. Alikipokea, akakitia kwenye mfuko wa nailoni.

"Ijumaa ijayo," alisema.

Ijumaa ijayo hakuja. Sikumbuki aliwahi kukosa, hata siku za mabomu alikuja, akilalamika kwamba milipuko inamkatiza aya. Yarub alikaa mpaka Hajj Lafta akaanza kupindua viti, ndipo akanong'ona kwangu, "Nadhani kimemchukiza."

Jumapili nikaenda nyumbani kwao, mtaa wa Atifiya. Nilimkuta kwenye baraza ya ndani, hajanyoa, kitabu magotini. Hakunisalimu. Alisema tu, "Kaa, Abu Sinan. Sikiliza," akaanza kusoma.

Yarub alikuwa ameandika kwamba mle ndani walikatazana majina, kwa sababu jina lako peke yake lilitosha kukuua. Waliitana kwa kazi: Kinyozi, Dereva, Mwashi. Alikuwepo kijana mmoja waliyemwita Msimulizi. Huyo aliwasimulia riwaya nzimanzima alizosomewa utotoni, na walipokuwa wakimsikiliza walisahau kipigo cha mchana. Waliyoipenda zaidi ilikuwa ya mke wa mwokaji mikate, ambaye mumewe amepotelea Stambuli naye anatoka kwa miguu kumtafuta. Anampata amekwisha sahau kila kitu, hamtambui. Mke hamsemeshi. Anapanga nyumba ya jirani, anaoka mikate kila alfajiri, mpaka asubuhi moja yule mume anagonga mlango wake kuuliza mkate huu unanukia nini, mbona unamliza.

"Riwaya hii unaijua?" Abu Muhannad aliniuliza.

Naijua, mimi muuza vitabu. Mwisho wake si huo. Yule mke anakufa kwa theluji njiani, Stambuli haioni.

"Miaka ya vikwazo," alisema, "mlikuwa mnatuuzia vitabu vya kutoa kopi. Karatasi hamna, wino hamna. Nakala yangu ilikosa kurasa za mwisho. Mtoto amekaa kitandani ananiangalia, nifanye nini? Nikaubuni. Mikate, nyumba ya jirani, vyote nilivibuni mimi, pale pale kitandani. Hakuna kitabu chenye mwisho huo duniani, Abu Sinan. Hakuna."

Kabla sijafumbua mdomo, sauti ikatoka mlangoni.

"Huo mwisho umeutoa wapi?"

Um Muhannad alikuwa amesimama na sinia ya chai. Alikuwa anamtazama mumewe kama mtu aliyeitwa kutoka mbali na bado hana hakika ni yeye anayeitwa.

"Sabiha, nenda ndani."

"Nilikuwa nausikia ukutani kila usiku, mtoto analazimisha uurudie. Huo mwisho uko kwenye kitabu hicho ulichoshika?"

"Uko."

"Soma yaliyobaki."

"Yatosha."

"Nimesema soma, Jawdat."

Kwa mara ya kwanza nilisikia akimwita kwa jina lake. Akasoma. Yarub alikuwa ameeleza kwamba Msimulizi aliumwa kifua majira ya baridi, kikohozi kikamkatisha hadithi. Mlinzi aliombwa dawa akacheka. Kijana alifia mapajani mwa Yarub kabla ya mapambazuko, anauliza kama nje kunanyesha. Yarub alimdanganya kwamba kunanyesha, kwa sababu aliona anapenda iwe hivyo, kisha akamfumba macho. Wapi walimpeleka, hakujua. Jina lake pia hakulijua, na katika ukurasa wa mwisho aliomba radhi kwa wazazi wake, popote walipo, kwa kutolijua.

Um Muhannad aliweka sinia chini. Alimimina chai, yangu kwanza kwa kuwa mimi ndiye mgeni, akaitia sukari, akaikoroga. Halafu akaingia ndani na hatukusikia kitu chochote, wala kilio, wala mlango.

"Ijumaa wataniuliza," Abu Muhannad alisema kwa sauti ya chini. "Nikisema mkweli, namwulia Sabiha mwanawe kwa mdomo wangu, mkahawani, watu wanakunywa chai. Nikisema mwongo, nimemwita mwongo mtu aliyemfumba macho mwanangu."

"Sema hujamaliza," nilimwambia. "Sema macho yanauma. Nani atakulaumu?"

Alinitazama kwa hasira ya kweli. "Yule kijana ananingojea, bwana."

Nilirudi mjini nikiwa nimekasirika, sijui na nani. Na vitabu, labda. Nimevibeba mgongoni maisha yangu yote, nimevipangusa vumbi, nimevilalia, na siku hiyo niliona ningevimwaga vyote kwenye mto Tigris bila kugeuka nyuma.

Ijumaa mkahawa ulijaa. Habari hawakuwa nazo, walikuja tu kumwona mzee akimpasua mwandishi chipukizi, burudani yao ya kawaida. Yarub alikaa karibu na mlango, mkono juu ya goti bovu. Abu Muhannad aliingia amenyoa, hana mfuko, kitabu kimoja tu kwapani. Hakuketi.

"Haya hakimu," Hajj Lafta akaita, "mtoto wa watu hajalala wiki mbili. Mkweli au mwongo?"

Abu Muhannad alikiweka kitabu mezani. Hakukigonga. Alikiwekea kiganja chote juu yake, akabaki hivyo mpaka vijiko vikanyamaza.

"Mama yake Muhannad ameniambia nije niseme," alisema. "Mkweli."

Wachache walipiga makofi. Aliinua mkono, wakaacha.

"Fatiha ya mwanangu Muhannad ni kuanzia kesho, siku tatu, nyumbani kwetu Atifiya. Karibuni."

Hajj Lafta aliishusha birika. Mtu mmoja akaanza kusoma Fatiha kwa sauti, walioweza wakasimama, wote wakafuata. Nilimtazama Yarub. Midomo yake ilikuwa ikisoma pamoja nasi, na katikati ya aya ikasimama, maana ndipo alipofahamu. Alitaka kuinuka, mguu ukakataa. Abu Muhannad alimfuata pale pale mlangoni, akamshika chini ya kwapa akamnyanyua.

"Jina lake Muhannad," alimwambia. "Sasa unalijua."

Hema lilisimamishwa uchochoroni, kahawa chungu ikazungushwa. Kwenye safu ya wenye msiba wanaopokea mikono ya rambirambi, Abu Muhannad alimsimamisha Yarub kuliani kwake, mahali pa ndugu wa marehemu. Wajomba walinong'ona, akawatazama mara moja tu. Watu walipita wakimpa Yarub pole ya kaka yake, naye akawa anajibu, siku zote tatu, kwa mguu ule.

Siku ya mwisho, watu walipokwisha tawanyika, Um Muhannad alitoka upande wa wanawake amevaa nyeusi mwili mzima. Nilikuwa nakunja mikeka na sikuweza kuondoka. Alikuja mpaka kwenye kiti cha Yarub, akapiga magoti chini mbele yake, akamwekea mkono juu ya paja.

"Hapa?" aliuliza.

"Hapa, mama."

"Upande huu?"

"Upande huu."

Akainamisha kichwa, akalaza shavu lake pale, akafumba macho. Yarub hakujua aweke wapi mikono yake. Mwishowe aliiweka kichwani kwa mama, juu ya ushungi, na ndipo kilio kilichokuwa kimekaa ndani ya yule mwanamke miaka yote ile kikatoka.