Hatua Mia Mbili Kutoka Ufukweni

Kwa miaka kumi na minne alipeleka watu fungate, na yeye mwenyewe hakuwa na hata mchumba. Ndiyo maana mtaa ulimwita Mama Fungate, na wenye midomo wakaongeza kwamba kinyozi hajinyoi. Aliwasikia vizuri sana. Alikaa nyuma ya meza yake katika ofisi ya safari, chumba kimoja chenye feni inayolalamika na ukuta uliojaa picha za bahari, akawaacha waseme mpaka wachoke.

Kazi aliijua. Wachumba waliingia wameshikana mikono, na baada ya dakika kumi walikuwa wamenuniana, kwa sababu mmoja alitaka kulala mchangani kutwa na mwenzake alitaka makumbusho, masoko na nyumba za kale. Mama Fungate aliwatenganisha. Mmoja alibaki ndani, mwingine akapelekwa kwenye benchi la nje, na kila mmoja akapewa kadi ya njano yenye swali moja: siku ya tatu, mkishachoka kutazamana, utapenda kufanya nini? Kisha alizilaza kadi mbili sambamba na kutafuta mahali panapozitosha zote.

Mara nyingi mahali penyewe palikuwa mji mmoja wa pwani, wenye bahari mbele na mji wa kale nyuma yake. Kipeperushi cha mji huo alikiandika mwaka wake wa kwanza kazini, bosi akiwa amemsimamia kisogoni, anataka karatasi ifike kwa mpiga chapa kabla ya saa sita. Mji wenyewe hakuwahi kuuona. Alikuwa na picha moja tu, mchanga na kuta za zamani, na nyuma yake mstari mmoja uliotaja uchochoro wa washona ngozi. Aliweka kidole gumba juu ya picha, akapima, akaandika: "Kutoka ufukweni hadi mji wa kale ni hatua mia mbili tu." Sentensi hiyo iliuza safari kuliko picha zote za ukutani. Wateja wengi walipanda teksi wala hawakuhesabu kitu. Ni mzee mmoja tu mcheshi aliyewahi kurudi na kumwambia kwamba hatua zake mia mbili labda ni za jitu. Wakacheka wote wawili, na sentensi ikabaki palepale.

Alipotimiza miaka arobaini na moja, fundi viatu wa duka la mkabala alimposa. Alikuwa mtu wa maneno machache, vidole vyeusi kwa rangi ya viatu. Mguu wake wa kushoto ulikuwa mfupi tangu utotoni, na kiatu cha mguu huo alijitengenezea mwenyewe, soli yake nene kama kipande kizima cha sabuni. Kusaidiwa asikokuomba hakukutaka kabisa. Mtu akimshika kiwiko kwenye ngazi, alisimama hapohapo mpaka aachiwe.

Kwa utani tu, Mama Fungate alimpa naye kadi ya njano. Fundi hakuichukulia kama utani. Aliirudisha kesho yake, imeandikwa kwa mwandiko wa kubonyeza: "Asubuhi nitie miguu kwenye maji ya chumvi. Mchana niende ule uchochoro wa washona ngozi uliouandika kwenye karatasi yako, nikaone wanavyoshona kwa mkono. Niende kwa miguu yangu, bila gari. Hatua mia mbili naziweza."

Mama Fungate aliisoma mara tatu. Njia ya mwongo ni fupi, na ya kwake aliipima mwenyewe kwa kidole gumba.

Hapo alifanya kosa la pili, na mimi naliona kubwa kuliko la kwanza. Badala ya kusema, alianza kumhamisha mchumba wake kama alivyozoea kuwahamisha wateja. Jumatatu alisema ule mji una mbu. Jumanne akakumbuka kwamba msimu ule upepo ni mkali. Alhamisi alimletea picha za kisiwa kisicho na mji wowote, mchanga mtupu na minazi miwili, akakisifia mpaka koo likamkauka. Fundi alimsikiliza huku akigonga misumari. Kila mchumba wake alipomaliza, aliuliza swali lilelile, kwamba kwani pale pa mwanzo pana nini.

Bosi naye, alipopata habari za harusi, akaja na zawadi: wiki nzima bure katika hoteli kubwa, kila kitu ndani ya uzio. Bwawa lipo, ufukwe upo, na utamaduni, alisema, wanauleta jioni wakati wa chakula, wacheza ngoma na mafundi na vinyago vyao. Shangazi, ambaye ndiye aliyemlea Mama Fungate na bado alimpigia simu kila asubuhi kuuliza kama amekula, alisema mtu hakatai cha bure, na mchagua jembe si mkulima. Kwa nusu siku hivi, Mama Fungate alikubali. Hoteli ingemwokoa. Hakuna ambaye angehesabu hatua ndani ya uzio.

Kisha akaitazama tena ile kadi. Bila gari. Kwa miguu yangu. Akajiona anamweka mumewe kwenye kiti cha plastiki, mafundi wakiletwa mezani kama chumvi, na yeye akijua siku zote kwa nini. Aibu ikampanda mpaka masikioni. Alimrudishia bosi karatasi za hoteli kwa shukrani, akafunga ofisi saa tisa mchana, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akavuka barabara.

Duka la fundi lilinukia gundi na ngozi. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, kiatu cha mtu kimebanwa kati ya magoti. Mama Fungate hakukaa. Alijua akikaa ataanza kuzungumzia hali ya hewa.

"Fundi, ule mji sijawahi kuuona," alisema. "Zile hatua mia mbili nilizitunga."

Fundi akaacha kugonga. "Ni ngapi?"

"Sijui. Aliyekwenda alisema ni za jitu."

"Kwa hiyo mbu?"

"Hakuna mbu. Wapo kama popote."

Fundi aliinamia kiatu chake tena. Alisema ana kazi ya watu ya kumaliza.

Siku nne zilipita. Shangazi alisema ulimi wa mtoto huyu utaivunja harusi, mtu mzima hana haja ya kutubu kitu ambacho hakuna aliyekigundua. Mama Fungate alimjibu kwa heshima kwamba heri ivunjike kwa ukweli. Alimaanisha, ingawa aliposema hivyo simu ilibidi aishike kwa mikono miwili. Ofisini aliwapokea wachumba wengine, akawapa kadi, akawapeleka kokote walikotaka. Ule mji hakumuuzia mtu. Vipeperushi vyake vyote alivitoa ukutani na kuvifungia kwenye droo, bosi akinung'unika.

Siku ya tano fundi aliingia, akakaa kwenye kiti cha wateja na kuomba kadi mpya. Aliandika polepole, kisha akaisukuma mezani. Ilikuwa na maneno yaleyale, isipokuwa mwishoni, ambapo safari hii palisomeka: "Hatua hazijulikani. Tutazihesabu."

Mama Fungate alishindwa kuinua macho.

"Urefu haukunikasirisha," fundi alisema. "Mguu huu nimeishi nao miaka arobaini na sita, najua barabara ni ndefu. Nilikasirika kwa kuwa ulitaka kunihamisha kimyakimya. Watu wananihamisha hivyo maisha yangu yote. Wananisogezea kiti bila kuniuliza kama nimechoka."

"Sitakusogezea," alisema Mama Fungate.

Wakaoana mwezi uliofuata, wakaenda.

Siku mbili za kwanza walikuwa wa bahari. Siku ya tatu, baada ya chai, walisimama pale mchanga unapoishia, fundi akiwa na soli mpya aliyoishona kwa ajili ya siku hiyo, wakaanza. Kila mmoja alihesabu zake kimoyomoyo. Barabara ilipanda, jambo ambalo picha haikulisema. Teksi mbili zilipunguza mwendo kando yao. Ya pili ilipofika, fundi alikuwa ametota jasho na nyonga inamuuma waziwazi, na mkono wa Mama Fungate ulianza kuinuka wenyewe. Aliushusha akaushika na ule mwingine nyuma ya mgongo. Fundi alikaa kupumzika mara tatu, na kila mara mkewe alikaa naye, wala hakumuuliza kama anaweza kuendelea.

Walipofika kwenye uchochoro, mshona ngozi mmoja mzee alimtazama fundi kiatu kabla ya kumtazama uso, akaomba akishike. Wakakaa hapo mpaka alasiri, wale wawili wakizungumza soli na nyuzi, na Mama Fungate akiwa amekaa kizingitini, miguu inawaka, akilia kidogo kwa furaha na kujifuta kwa ncha ya kitambaa.

Waliporudi nyumbani, bosi alisoma kipeperushi kipya na kusema kitamfukuzia wateja. Mama Fungate alimwambia kitabaki hivyo, au aandike mwingine. Kilibandikwa ukutani siku hiyohiyo, chini ya feni:

"Kutoka ufukweni hadi mji wa kale ni hatua 1,412 zangu, na 1,906 za mume wangu. Njia inapanda. Pa kukaa papo patatu."