Majina ya Mpira Mweupe, Kiganjo

Juzi nilipita Kiganjo, rafiki yangu, nikasimama mbele ya iliyokuwa hoteli ya jirani yetu. Siku hizi panauzwa mbolea na dawa za ng'ombe. Nilichungulia ndani, nikaona magunia pale ilipokuwa meza ya pool, moyo ukaniuma.

Wakati ule nilikuwa msichana wa shule ya msingi. Jioni nilimmenyea jirani viazi, kwenye baridi ile ya mlimani inayofisha vidole, huku mafuta yakichemka na mipira ikigongana chumba cha mbele. Wachezaji wengi walikuwa makuruta na wakufunzi wa chuo cha polisi, basi hata mapigo ya mpira mweupe waliyapa majina ya gwaride. Mpira huo ukigonga mwenzake ukasimama papo hapo, hiyo ni "mguu sawa." Ukimfuata, "mbele tembea." Ukigonga kisha ukarudi ulikotoka, "nyuma geuka," na hapo makofi yalilia. Ukitumbukia shimoni wenyewe, hoteli nzima ilicheka: "Ametoroka kambi!"

Tena meza ile ilikuwa na sheria yake. Kabla ya kupiga, sharti utaje jina la pigo kwa sauti, na mpinzani wako aitikie "sawa." Bila hivyo pigo halihesabiwi.

Sheria hiyo ndiyo iliyobakisha uzi kati ya baba na kaka yangu. Baba, mkufunzi wa gwaride, alitaka kaka awe askari. Siku ya kuandikisha makuruta, vijana wenzake wakipimwa urefu na kukaguliwa meno, kaka alikuwa Karatina akijifunza kuchomelea vyuma. Tangu hapo nyumbani hawakusemezana. Baba akitaka chumvi aliniomba mimi, ilhali iko mbele ya kaka! Jirani alisema fahali wawili hawakai zizi moja. Lakini Jumamosi walikutana mezani, wakaidi wale, na kila mmoja alilazimika kufungua kinywa.

"Nyuma geuka," baba alikuwa akisema, macho kwenye mpira.

"Sawa," kaka alikuwa akijibu.

Mama alipokuja kunichukua alisimama mlangoni akisikiliza. "Wacha wacheze tu," aliniambia. "Pole pole watafika kwa maneno ingine."

Hawakufika. Jirani aliuza meza kwa mtu wa Kiriaini. Baba na kaka walikuwa miongoni mwa waliosaidia kuipandisha kwenye pikapu, mmoja upande huu, mwingine upande ule, wakitazamana juu ya kile kitambaa cha kijani. Jirani aliwapa chai. Wakanywa, kila mmoja akashika njia yake, na kabla ya mavuno ya kahawa kaka alikuwa amehamia Nakuru.

Majina yale yamekufa. Nikiwatajia watoto wangu, wanacheka tu, na hilo naweza kulivumilia. Nisichoweza kuvumilia ni kwamba watu wawili waliopendana hivyo waliachwa bila pa kusemea.

Kaka alirudi kumzika baba. Waombolezaji walipoondoka, alikaa jikoni karibu na mama, koti bado lina udongo.

"Mimi nilikuwa nangoja yeye aanze, Mama."

Mama aliendelea kusuuza vikombe.

"Hata yeye," alisema, "aliniambia hivyo hivyo."