Sahani Niliyoikataa Mudzipela

Nilikataa chakula kwenye matanga. Huo ndio upumbavu wangu, na heri niuseme mwenyewe kabla wenzangu wa ofisini hawajausema kwa kicheko.

Mimi ni polisi wa uchunguzi hapa Bunia, lakini kwa asili ni muntu wa nyumbani. Napenda kiti changu, redio yangu, na maharagi niliyopika kwa mikono yangu. Tumbo langu linajua sufuria moja tu. Likiona sufuria ya wengine linaanza kuuliza maswali kunishinda mimi ninayelipwa kwa kuuliza.

Vijana walikuwa wanauawa, kosa lao likiwa kabila tu. Wa mwisho alikuwa muendesha moto, pikipiki ya kubeba wateja, wa mtaa wa Mudzipela. Mteja alikuja asubuhi, akamuita kwa jina, akapanda nyuma, wakaenda. Maiti ilipatikana kando ya njia. Mama yake alikuwa amesimama mulangoni, akauona uso wa yule mteja. Neno lake moja tu lingetosha nimfunge yule muntu kabla hajaenda kumuita kijana mwingine.

Nilifika saa ya mchana. Mama aliniketisha karibu naye, chini ya turubai, akaniwekea bugali na sombe ya majani ya muhogo.

"Kula kwanza, muzee. Kisha nitakuambia."

"Aksanti, mama. Nimeshiba."

Nimezaliwa mji huu. Najua kwamba siku kama zile, mwenye kukataa chakula cha wafiwa anaogopa sumu, ama ni wa upande wa waliomuua marehemu. Lakini tumbo lilijibu kabla yangu.

Mwanaume mumoja nyuma yangu akauliza, akiniita chefu kama wanavyoita polisi wote, "Kwani weye ni wa wapi, chefu?"

"Wa Bunia."

"Bunia si kabila, chefu."

Walicheka kidogo, kicheko cha matanga. Baba yangu ni wa upande mumoja, mama wa upande mwingine, na kila upande unaniweka kwa ule mwingine.

Mama aliifunika sahani yangu kwa sahani nyingine, akaisukuma chini ya kiti chake.

"Basi, baba. Mimi sikuona kitu."

Jioni nilikula maharagi yangu peke yangu, kwa usalama mkubwa. Nilipoosha vyombo nikaona sahani yangu ya pili bado ina karatasi ya bei ya duka chini yake. Niliinunua kwa ajili ya wageni, miaka iliyopita. Redio ilikuwa inasema na mimi vizuri tu. Ubaya wa redio ni kwamba haiulizi umeshindaje.

Matanga ilipoisha nilirudi Mudzipela. Nilikuwa nimeshinda njaa kwa makusudi, niko tayari kula chochote, hata mawe. Nikakuta kufuli mulangoni. Jirani alikuwa anatwanga sombe mbele ya nyumba yake, hakuacha mchi.

"Alienda Nyankunde, kwa dada yake."

"Atarudi?"

"Sijui."

Nikasimama pale kama muntu aliyesahau alichotumwa. Nikamuuliza kama pengine yeye, asubuhi ile, hakuona kitu. Hapo mchi ukanyamaza. Akaniangalia kutoka viatu mpaka kofia.

"Nilimuona yule mteja, muzee, na ninamuona kila siku. Lakini weye utarudia kwako ufunge mulango, mimi nitabakia hapa naye."