Kaa Hapa Mpaka Uambiwe

Siku yangu ya kwanza kazini, katika stesheni ya Bungoma, stesheni masta alinituma nimwambie pointiman aiwekee treni ya mizigo njia ya pili. Nilikimbia, nikasema, nikarudi nikitabasamu.

"Amerudia?" masta akaniuliza.

Nikasema ameitikia kwa kichwa.

"Kichwa si mdomo, kijana. Rudi. Huyo pengine alikuwa anafukuza nzi."

Nilirudi mbio. Nikamwambia tena pointiman, ndiye mtu wa kuvuta zile nyenzo nzito zinazogeuza reli, naye akarudia neno langu lote kwa sauti: njia ya pili, treni ya mizigo. Ndivyo tulivyofanya kazi. Reli ilikuwa moja, na treni zilikwenda na kurudi juu ya hiyo hiyo moja. Kabla sijaachilia treni, nilimpigia simu mwenzangu wa stesheni ya mbele nikamwuliza, "Laini kliya?", yaani njia iko wazi? Alijibu, nikarudia jibu lake, naye akakubali kwamba nimesikia sawa. Neno lisilorudiwa lilihesabiwa halijasemwa. Kwa neno moja lililosikika vibaya, treni mbili zingeweza kukutana uso kwa uso.

Nawaeleza haya nikiwa na hasira, na sitaificha. Jirani yangu, mjane wa rika langu, anataka kutolewa nyumbani kwake kwa sababu wakubwa wamesahau neno walilolisema mimi nikisikia kwa masikio yangu.

Baada ya Bungoma nilipandishwa cheo nikapelekwa Kitale, mwisho wa tawi. Tawi ni reli inayochepuka kutoka njia kuu na kuishia mahali. Msisikie "mwisho" mkadhani palikuwa pakavu. Wakati wa mavuno magunia ya mahindi yalipangwa hadi karibu na dirisha la tiketi. Akina mama wa Saboti walifika na viazi na vitunguu, wakagombana na gadi, yule msimamizi wa treni anayepanda behewa la nyuma kabisa, kwa sababu kila mmoja alitaka mzigo wake upande kwanza. Pointiman wangu alikuwa Barasa, mtu mfupi, mbishi, mwenye mikono ya fundi chuma. Alikaa na mkewe, Mama Nekesa, katika landhi, zile nyumba za safu ambazo reli iliwajengea wafanyakazi wake. Huyo Mama Nekesa ndiye mjane ninayemsema.

Kisha wakubwa wa reli wakaanza kutunyonga polepole. Behewa la abiria likaondolewa, ati kwa muda. Mataruma yanayobeba reli yakaoza, tukaomba mengine mpaka tukachoka kuomba. Treni ya mahindi ikawa ya kusubiriwa kama mvua ya Januari. Siku moja meneja wa wilaya akaja, akasimama kwenye jukwaa, akaniambia, "Masta, hapa hakuna mizigo." Nyuma yake wakulima walikuwa wamekalia magunia yao.

"Mizigo iko, bwana mkubwa," nikasema. "Mabehewa ndiyo hakuna."

Alinitazama kama niliyemtukania mama. Hata leo mtu akiniambia malori yaliishinda reli, damu hunichemka. Utamfunga mtu miguu, halafu useme ameshindwa mbio?

Aliyetumwa kumaliza kazi alikuwa mkaguzi wa trafiki, mkubwa wa mambo ya treni. Alikuja kwa gari la barabara! Akaniambia nifunge ofisi, nirudi Bungoma. Halafu akamgeukia Barasa: "Wewe kaa hapa. Linda mali mpaka uambiwe."

Barasa akasimama wima, kofia mkononi. "Nikae hapa, nilinde mali, mpaka niambiwe."

"Sawasawa," mkaguzi akasema, akapanda gari lake.

Barasa hakuambiwa kitu tena. Alikaa. Alifyeka majani kwenye reli, akapaka mafuta nyenzo zisishike kutu, akawafukuza wauza vyuma vikuukuu kwa rungu na kwa matusi ya Kibukusu. Niliporudi Kitale baada ya kustaafu, nikajenga karibu na Kipsongo, nilimkuta bado anafagia jukwaa ambapo hapashuki mtu. Alikufa akiwa na ufagio ndani ya nyumba yake hiyo hiyo ya landhi. Tulimzika kwao, upande wa Bungoma, na ndugu zake wakamtaka mjane abaki nao. Alikataa. "Mwenyewe aliambiwa akae," akawaambia. "Nani amesema atoke?"

Sasa wiki iliyopita tuliitwa kwenye mkutano, pale pale jukwaani. Afisa kijana wa reli, kofia ngumu kichwani, akatangaza kwamba uwanja wa stesheni una mpango mwingine. "Hii laini ilikufa kitambo. Nyinyi wenye mnaishi kwa hizi nyumba ni wavamizi. Mko na mpaka mwisho wa mwezi, halafu tunabomoa."

Mama Nekesa akainua mkono. "Mimi nililetwa hapa na leli, kijana yangu. Si nilivamia."

"Mama, uko na barua?"

"Barua ya nini? Mzee wangu aliambiwa na mdomo."

Watu wakacheka. Hapo ndipo niliposimama. "Mimi ndiye nilikuwa masta hapa. Hiyo amri ilitolewa mbele yangu, ikarudiwa mbele yangu. Ni nani aliiondoa?"

"Mzee, tuheshimiane. Hao wakubwa wako wote walishaenda, wengine walikufa."

"Na Barasa pia amekufa, akiwa kazini. Haya, umesema huyu mama ni nani? Rudia, ukimwangalia."

Hakurudia. Alitazama simu yake, akasema maoni yetu yamepokelewa, akaondoka. Siku ya kubomoa haikubadilishwa.

Vijana, msidanganywe kwamba reli ilikufa. Kilichokufa hukaliwa matanga. Reli hii iliachwa, jinsi mume asiye na haya anavyomwacha mke: hakuna wazee walioitwa, hakuna neno lililosemwa, ni asubuhi moja tu unaona hajarudi. Na leo jamaa za mume wanakuja kumwita huyo mke mwizi wa nyumba! Nimetumika miaka mingi, nimewaheshimu wakubwa wa kila aina, wakali kwa wapole. Kwa hili siwaheshimu.

Juzi asubuhi nilibeba kiti changu nikakiweka mlangoni kwa Mama Nekesa. Akatoka akanikuta nimekaa, fimbo mapajani.

"Masita, ni nini sasa?"

"Nakaa hapa."

"Mpaka lini, bana?"

"Mpaka waje."

Akanitazama, akatikisa kichwa. "Basi kunywa chai kwanza. Wewe na hiyo njaa yako utabishana na tingatinga?"

Chai yake ina maziwa mengi, na tangu hapo nainywa pale mlangoni kila siku. Siwezi kurusha jiwe, na kelele zangu hazifiki mbali. Lakini wakija kuibomoa nyumba ya Barasa, itabidi kwanza waninyanyue mimi.