Rubani Aliyeangukia Mtama wa Mzee Msengi

Nakumbuka siku moja, mwanangu, ambayo diploma yangu haikunifaa kitu, na naikumbuka kuliko siku niliyokabidhiwa hiyo diploma.

Niliipata Uganda, enzi za Mwingereza. Nilijisomesha kwa kuwapigia watu pasi, nikarudi kwetu Misigiri nimevaa viatu vinavyolia nikitembea. Hapakuwa na kijana mwingine huku aliyekuwa nayo, na hilo silifichi mpaka leo. Basi alipokuja tajiri mmoja wa Kizungu, mwenye mashamba ya kahawa huko kaskazini, kuijaribu ndege yake katika uwanda wetu, nani mwingine angekuwa mkalimani wake? Alikuwa ameifungia injini mpya, anataka kujua itambebaje katika hewa yetu nyepesi. Kila asubuhi aliruka, akazunguka, akatua. Wazee walimtazama wakicheka: aliye juu mngoje chini. Mimi niliota atanichukua mjini niwe fundi wa ndege.

Asubuhi moja injini ilizimika kabla hajaipita miti. Ndege ikaangukia shamba la jirani yetu, Mzee Msengi, ikawaka, ikateketeza mtama wote uliokuwa umeanza kutoa masuke. Watu walimtoa rubani humo amevunjika paja na mbavu. Mvua zilikuwa zimekata barabara, lori halipiti. Daktari alikuja kwa miguu, akamfunga mguu, akasema asihamishwe mpaka mfupa ushike. Akalazwa nyumbani kwetu, katika chumba cha mama.

Kwetu unajua, mgonjwa haachwi peke yake. Watu huja na maziwa, huja na kuku, na wengine huja mikono mitupu, wakakaa tu na kusimulia habari za ng'ombe. Lakini mimi niliona miguu yao ya matope, nikasikia moshi katika nguo zao, nikaona haya. Nilisimama mlangoni nikawaambia mgonjwa wa Kizungu hatazamwi kama ng'ombe wa mnadani. Mama mmoja akanitania kwamba huyu mgonjwa wangu labda nimemwoa. Mzee Msengi alikuja kila siku na kibuyu cha maziwa, na kila siku nilimrudisha.

Ningeishia hapo, ningekuwa mpumbavu tu. Lakini mgonjwa aliniuliza kama watu wamemchukia kwa sababu ya shamba lile, maana haoni mtu.

"Hakuna aliyekuja, bwana," nikamjibu. "Niko mimi tu."

Nilitaka anione mimi peke yangu.

Tangu hapo akaanza kukataa chakula. Uji wa mama ulirudi jikoni kama ulivyokwenda. Daktari alipokuja tena alisema mfupa unashika, ila mtu mwenyewe anakwisha. Mama alilia. Mimi msomi nilijua sababu, nikanyamaza.

Kulipokucha baba aliung'oa mlango wa chumba kile, akauegemeza zizini. Nikamuuliza kulikoni. Akanijibu kwa Kinyiramba, bila kupandisha sauti:

"Mlango niliuweka kwa ajili ya fisi. Wewe umewafungia watu."

Wa kwanza kuingia alikuwa Mzee Msengi. "Pole, bwana," alisema. "Mtama tutapanda mwingine. Mguu je?"

Nikatafsiri. Mgonjwa akamuuliza kwa nini siku zote hizi hakuja. Nikatafsiri na hilo. Mzee akanigeukia.

"Mwambie nimekuja kila siku. Na umwambie aliyenirudisha."

Mwanangu, baba alikuwa amesimama pale, na mama, na majirani hadi nje. Mkalimani mwingine hakuwapo. Nililitafsiri neno lile lote, kwa Kiingereza changu kizuri nilichokitolea jasho, nikajitaja mwenyewe kwa jina.

Yule tajiri hakunitukana. Alinyoosha mkono, akapokea kibuyu, akanywa mpaka maziwa yakamchuruzika kidevuni. Chumba kikajaa. Walimfundisha kuamkia wazee, na kila alipoikosea shikamoo walicheka, naye akacheka huku ameshika mbavu. Alipoanza kutembea kwa magongo, alitaka kwanza kwenda kwa Mzee Msengi, akamwomba mama kwa ishara amwongoze. Mimi sikuitwa. Mwaka uliofuata alirudi na ndege nyingine, akairusha, ikaruka vizuri, na mkalimani wake alikuja naye kutoka huko huko kaskazini.

Soma, mwanangu. Soma unipite, kama utaweza. Lakini mkataa kwao ni mtumwa, hata akivaa tai. Ukisimama kati ya watu wawili wasiojua lugha moja, wema wa mmoja kwa mwenzake si mali yako, usiuzuie ili usifiwe wewe. Na ukishasema uongo unaomla mtu, uvunje mapema kwa hiari yako. Mimi niliusema ukweli kwa kuwa nilibanwa, ndiyo maana katika yote ninayojisifia, na ni mengi, huo haumo.

Mungu akujalie ulimi usiosubiri kubanwa, na kila utakaporudi kwenu, uwakute watu wako wakikuita kwa furaha.