Mawe ya Mlima Sekenke

Ukitaka kuniita mwongo niite, lakini nilikuwepo na sikuwa nimelewa. Naendesha Fuso mwaka wa kumi na tisa huu, na hadi leo nikisimulia jambo hili damu inanichemka.

Asubuhi hiyo nilikuwa nashuka mlima Sekenke na vitunguu, natoka Singida kwenda Igunga. Mvua ilinyesha usiku kucha, ukungu umetanda. Nakata kona, naona mzee ameinama katikati ya njia yangu! Nilikanyaga breki, gari likasimama hatua tatu tu kutoka kwake. Hakushtuka hata kidogo.

Nikashuka nimefura. "Mzee, unataka tufe wote?" Kisha nikajirudi. "Shikamoo."

Hakuitikia. Kwetu huku, mzee asiyeitikia shikamoo umewahi kumwona wapi?

Alikuwa anavuta jiwe, moja kati ya manne makubwa yaliyokuwa juu ya lami. Mnayajua mawe hayo. Lori linaharibika mlimani, wanalizuia kwa mawe lisirudi nyuma. Likishatengemaa wanaondoka zao, mawe wanakuachia wewe. Watu gani hawa!

"Nayatoa tangu mvua za mwaka jana," mzee akasema bila kuniangalia. "Hayatoki."

Akavuta tena, jiwe halikutikisika. Niamini, mikono yake ilikuwa na tope bichi hadi viwikoni, lakini jiwe lilibaki safi.

"Ni yako haya?"

"Si yangu!" nikafoka. Nikayabeba moja moja, nikayatupa kando. Kugeuka baada ya la nne, hakuna mtu. Upande huu mwamba, upande ule korongo. Alipita wapi?

Nilipofika Shelui nikamsimulia mama anayeniuzia chai. Akatua birika.

"Kofia ya kufuma? Shati la kijani?"

"Ndiyo."

"Baba mkwe wangu huyo. Alikuwa kwenye bodaboda anapelekwa kliniki, wakaparamia mawe kwenye kona hiyo, akafia hapo hapo. Mvua za mwaka jana." Hakulia. Aliuliza tu, "Aliyeyaacha, huko aliko analala?"

Chai ilinishinda. Mbele ya yule mzee nilikana haraka mno. Miaka yote hiyo, mawe yangu mimi nimeyaacha milima mingapi? Sikumbuki. Hilo ndilo linalonikera kuliko yote.

Siku hizi nasimama kwa kila jiwe. Wananipigia honi, wananitukana, na tajiri wangu mwenye gari analalamika nachelewa. Na vidole vyangu tangu siku ile havipati joto, hata kwenye jua la saa saba.

Sasa wewe dereva, gari likishapona, shuka utoe mawe yako. Umechoka? Toa. Kuna mvua? Toa. Siku nikikukuta unayaacha, usitegemee ukungu wala mzimu. Utakutana na mimi, mtu mzima mwenye nguvu zake, na sitakuwa na salamu.