Niliulizwa kama naweza, nikasema naweza

Mashine ya kuchakata mkonge ikila jani hulia kwa ngurumo moja, grrr. Siku ile ililia kama khanga inayochanika, na hadi leo mlio huo naujua. Ilikuwa glavu yangu, na mkono wangu wa kulia ulikuwa ndani yake.

Kabla ya hapo nilikuwa msichana wa milimani, juu ya kijiji cha Maore, niliyeshuka tambarare kutafuta kazi. Jumapili niliwasuka wenzangu nikiota saluni yenye kioo kirefu.

Vidole viwili vilibaki kwenye mashine. Kidonda kikaoza, kikanuka hadi nikawaonea huruma wagonjwa wa vitanda vya jirani. Madaktari wakachukua ngozi ya pajani wakakiziba. Vidole vilivyobaki mkononi vikapona, ila havikunjiki.

Baadaye nikaitwa kwa daktari wa fidia, anipime kama naweza kufanya kazi. Akisema nimepona, narudi kwenye mashine ileile. Nilikuwa naiogopa.

"Unaweza kupika?" akauliza.

"Naweza."

"Kufua?"

"Naweza vizuri tu."

"Kuchota maji?"

"Naweza."

Kwetu msichana akisema hawezi anaitwa mvivu. Basi nikawa najibu kama mchumba anayekaguliwa na mama mkwe. Mama yangu, aliyekaa pembeni, akashindwa kuvumilia.

"Samahani, baba daktari. Muulize ndizi anamenyewa na nani. Muulize nguo anakamuliwa na nani. Hata hiyo sketi zipu nimemfunga mimi."

"Mama, unaniaibisha."

"Heri nikuaibishe hapa kuliko mashine ije imalizie mkono wa pili."

Daktari akacheka, akafuta alichoandika. "Binti, mimi sitafuti mke. Niambie unachofanya mwenyewe, kila siku, bila mtu kukushikia."

Nikamwambia yote. Nililia kidogo, kisha nikajisikia mwepesi. Akaandika kwamba kazi ya mashine siiwezi tena, nilipwe fidia na nitafutiwe kazi nyepesi.

Namshukuru Mungu, madaktari, na mdomo wa mama yangu. Nawe unayekwenda kupimwa, usijikaze. Eleza siku yako mbaya ilivyo. Wanapima mkono au mguu, ndoto zako unarudi nazo nyumbani. Saluni bado naiota. Wengine watasuka, mimi nitakuwa bosi.

Siku ile fomu ilipokamilika, karani alinisogezea wino wa dole gumba. Nikamwomba peni. Mama akanyoosha mkono anishikie karatasi, nikamwambia aache. Nikaikandamiza kwa kiwiko, nikaandika majina yangu yote matatu kwa mkono wa kushoto, herufi zikipanda juu kama barabara ya kwetu.